Mbwa Anayengoja Kisu

Jomvu Kuu
Jumatatu, 3 Juni 2024

Kwa Nguma Kadenge na mkewe Gladys, Junda.

Salamu nyingi. Nguma, najua barua hii utasomewa na mkeo, kwa hiyo Gladys, msomee polepole na usiruke mstari. Simu msinipigie. Masikio yangu yamekufa kabisa tangu Ramadhani, na vile viherufi vya kwenye kioo cha simu macho yangu hayavioni. Mjukuu wangu Ruwaida anafundisha chekechea huko kwenu Kisauni. Barua atazileta na kuzichukua yeye.

Mbwa aliye naye hapo kwa kamba ni Sahmu, na kuanzia leo ni wako. Tumewinda pamoja miaka kumi, Nguma, hakuna mwengine ningempa. Mguu wangu hauwezi tena kukimbizana naye, na majirani nao hawaishi kuniuliza, mtu mzima wa kuswali safu ya mbele anakaaje na mbwa uani. Nimewajibu miaka saba na nimechoka.

Gladys, wewe humjui, basi nakueleza. Utakapomwona utasema ana njaa. Hana njaa. Ndivyo alivyoumbwa saluki, mbwa wa Kiarabu wa kuwinda: kifua kimeshuka kama cha farasi, tumbo limepanda juu, mbavu tatu zaonekana, na mifupa miwili ya nyonga imeachana upana wa vidole vyangu vinne. Pua ndefu, nyembamba. Masikio yameanguka, yana nywele laini kama za binti, na mkia vivyo hivyo. Rangi yake mchanga mkavu. Macho yake hayakutazami wewe, yatazama nyuma yako, mbali. Usichukie, ni tabia ya ukoo wake. Nilikaa Uarabuni miaka kumi na tisa nikiwatunza hawa kwa tajiri mmoja, na wazee wa kule wakinambia ukoo huu uliwinda na watu kabla farasi hajafungwa lijamu. Mabedui hawamwiti mbwa. Humwita muungwana na kumlaza hemani. Mimi nimemlaza uani, kwani mimi ni Mshafii, mbwa kwetu ni najisi, na mate yake nayaosha mara saba, moja kwa udongo, lakini uungwana wake sijamnyima.

Habweki. Halindi. Hafuati harufu, huwinda kwa macho. Kinachokimbia hukikimbilia, kilichosimama hukipita.

Sasa sikilizeni la muhimu. Sahmu haui. Nimemfundisha ashike na angoje. Akimfikia sungura humkamata shingo kwa meno bila kutoboa ngozi, kisha husimama akikungoja uje na kisu umchinje yungali hai, ndipo nyama iwe halali. Kwa hiyo usimcheleweshe. Mbwa anayecheleweshewa kisu huharibika. Siku ya pili au ya tatu atamaliza kazi mwenyewe, na akishajua kuua hutamsahaulisha tena. Akishika, kimbia. Piga goti, mkono wa kushoto kichwani kwa mnyama, kisu kipite mara moja, usikiinue. Kisu changu cha mpini wa mpingo nimekitia ndani ya gunia lake. Anakijua. Akikiona hutulia.

Chakula ni ugali na maziwa, dagaa, na tende tatu kila asubuhi. Tende zitoe kokwa, kokwa humkaba.

Iko tabia yake moja zaidi ambayo siiandiki. Hamtaiona kwenu, kwa hiyo hakuna haja.

Wasalaam,
Badawi Suleiman


Junda
Jumatano, 12 Juni 2024

Shikamoo Mzee Badawi. Bwana asifiwe pia, ingawa najua hutaitikia.

Nguma amenisomesha barua yako mara tatu, ya mwisho mbele ya jirani yetu Jefwa ili Jefwa aache kucheka. Jefwa anasema mzee wa Jomvu ametupa mbuzi aliyenyolewa akasahauliwa masikio. Mimi mwenyewe nilicheka, nisikufiche. Nilimpikia ugali wa watu wawili siku ya kwanza, akaunusa, akala robo, akanipa mgongo. Na hizo tende, Mzee, sisi wenyewe hapa hatuzili mpaka tualikwe futari. Lakini Nguma ananunua. Anakaa kwenye kigoda asubuhi anatoa kokwa moja moja na vidole vyake vya saruji, mimi chai yangu sijamiminiwa.

Jumamosi walikwenda kwenye machimbo ya zamani upande wa Bamburi, nami nikafuata nione huyo muungwana. Wallahi, kama mnavyosema ninyi, sikumwona akikimbia. Nilimwona hapa, halafu nikamwona kule na sungura mdomoni, amesimama kimya. Nguma akanipa kisu, akasema leo wewe. Nikapiga goti nikafanya kama ulivyoandika. Mbwa alinitazama usoni, si nyuma yangu, na nilipomaliza akaachia polepole. Kisu si kigeni kwangu, nimechinja mbuzi tangu niko kwa hawe, bibi yangu, Kaloleni. Lakini macho yake yale nimekaa nayo siku mbili.

Sasa nikuulize kwa ukali kidogo. Umetupa mbwa asiyelinda, na huku kwetu ndiko kunakotakiwa kulindwa. Hawa vijana wa panga wanapita mchana kweupe, kumi, kumi na watano, wanaingia nyumba baada ya nyumba. Kabla ya kuingia kwa mtu hutanguliza mmoja anarusha chakula chenye sumu. Mbwa wawili wa Jefwa walikufa hivyo mwezi uliopita, midomo imejaa povu, na siku ya pili wakaja wakambebea kila kitu. Sasa huyu wako atatusaidia nini?

Na jambo jingine. Akishakula tende zake anakwenda kukaa kwenye kijia, anatazama njia mpaka jua liwe kali. Anamngoja nani? Ni nani aliyemlea?

Mimi,
Gladys Kadenge


Jomvu Kuu
Alhamisi, 20 Juni 2024

Gladys,

Marahaba. Jefwa mwambie mbuzi ni yeye.

Mlinzi tafuta mbwa wa mjini, mwenye shingo nene na akili ndogo. Huyu hataki kumng'ata mtu na simtaki ajue. Mkiogopa, fungeni mlango, na mwambie Nguma asishindane na watu kwa ajili ya vitu. Namjua, ni mbishi.

Umeuliza nani alimlea. Sikulipenda swali lako, lakini nitalijibu mara moja. Mama yake alikufa wiki aliyomzaa. Mjukuu wangu Zaid, ndugu yake Ruwaida, alimlea kwa chupa ya mtoto, akalala naye uani, akampa hilo jina, maana yake mshale. Mwaka juzi watu wawili wa msikitini wakanambia Zaid ameonekana Kisauni na hao hao vijana wa panga. Sikumuuliza. Nilitupa nguo zake nje, nikasema mbele ya watu kwamba sina mjukuu wa kiume. Sahmu alikaa mlangoni siku nne bila kula. Ndiyo sababu nyengine iliyonifanya nimtoe, sikupenda kumwona akitazama njia. Sasa umejua, usiniulize tena.

Badawi


Junda
Jumanne, 9 Julai 2024

Mzee Badawi,

Nguma amekufa.

Ilikuwa Jumamosi saa tisa mchana. Alikuwa anatoka kupiga plasta kwa watu hapo mtaa wa pili, begi la vifaa begani, mbwa wako mkononi. Walikuwa saba. Walitaka begi. Ulisema ni mbishi, naam, alikuwa mbishi. Lile begi lilikuwa na mwiko aliopewa na baba yake. Walimkata kiganja cha kulia, kikaanguka na kamba ya mbwa ikiwa bado imezungushwa vidoleni. Halafu wakamkata hapa, kati ya shingo na bega, mara mbili. Jefwa aliona yote dirishani na hakufungua mlango. Simlaumu, au labda namlaumu, sijui bado. Nguma alifika hospitali akiwa hai. Jumapili alfajiri hakuwapo tena.

Nataka ujue alichofanya mbwa wako, maana Jefwa amenisimulia na sipati usingizi. Walipokuwa wakimkata Nguma, mbwa alisimama akitazama. Hakubweka. Walipoanza kukimbia ndipo alipokwenda. Alimpata wa mwisho, akamkamata mkono kwa meno, akasimama. Akangoja. Jefwa anasema alikuwa akigeuza kichwa kumtazama Nguma pale chini, kama anayesema njoo. Alikuwa anangoja kisu, Mzee. Na mwenye kisu yuko chini hana mkono. Kijana akampiga ubapa wa panga mbavuni mpaka akaachia, akaenda zake akitembea.

Mimi nilikuwa nafua nyuma ya nyumba. Hatua hamsini. Kisu kilikuwa jikoni.

Tunamzika Alhamisi huko kwao, Kaloleni.

Gladys


Jomvu Kuu
Jumatano, 10 Julai 2024

Mwanangu Gladys,

Kalamu imenishinda tangu asubuhi. Nguma alikuwa rafiki yangu kuliko watu wa damu yangu. Aliniwekea dari ya nyumba hii na hakukubali kukaa kitini mpaka mimi nikae. Nimelia, na kwa kuwa sisikii, sijui nimelia kwa sauti gani, maana Ruwaida amekuja mbio kutoka jikoni.

Nimempa gunia la mchele na mafuta akuletee. Mguu hautanifikisha Kaloleni, nisamehe.

Sahmu alifanya alivyofundishwa. Usimchukie. Ukitaka nimchukue, sema. Na nakuomba kama baba, hao vijana waachie Mungu na serikali, usikae na hatua hamsini kichwani.

Badawi


Junda
Ijumaa, 2 Agosti 2024

Mzee Badawi,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Mbwa sikumrudisha kwa sababu Nguma alimpenda. Kila asubuhi nimemtolea kokwa mimi mwenyewe.

Lakini sasa ni lazima nikueleze. Juzi Jumatano, saa nne asubuhi, mmoja wao aliingia kwangu kwa nyuma, kwenye ua wa miiba karibu na zizi. Alikuwa na panga. Mbwa alimkimbilia akamwangusha akamuua. Alimng'ata shingo. Majirani wakaja na mawe na marungu wakammalizia hasira zao, na wangemchoma kama askari hawangefika. Maiti imechukuliwa na haina jina, hakuna aliyejitokeza.

Askari wameandika kwamba ni mbwa. Mkubwa wao amesema mbwa aliyeonja mtu hawezi kuishi, atapigwa risasi. Wamempa wiki mbili kwanza daktari wa wanyama amkague kichaa. Amefungwa kwenye mwembe wa Jefwa. Hali chochote. Siku ile alilala pembeni ya yule mtu mpaka askari wakamwondoa kwa nguvu, na tangu hapo hajagusa hata maziwa.

Nimeona ni haki yako kujua.

Gladys


Jomvu Kuu
Jumapili, 4 Agosti 2024

Gladys,

Nimesoma barua yako mara tano na sikubali.

Unaniandikia mimi. Unamwandikia mtu aliyekaa miaka ishirini na sita na hawa wanyama, aliyemtia huyu kidole mdomoni akiwa mchanga ili ajue kipimo cha meno yake. Umewahi kuona ngozi ya sungura aliyeshikwa na Sahmu? Haina tundu. Umeniambia mwenyewe kwamba alimshika mmoja wa wauaji wa Nguma, damu ya bwana wake iko chini, na hakumuua hata yule. Leo amuue nani, na kwa nini?

Nambie kwanza alimshika upande gani. Nambie tundu za meno zilikuwa ngapi. Saluki akitoboa hutoboa mara nne, mbili juu na mbili chini, na nyama huchanika kuelekea anakovuta. Uliziona? Nambie kisu changu kilikuwa wapi saa nne asubuhi.

Mimi si askari. Barua zako nazisoma peke yangu na chai. Lakini hawatampiga risasi muungwana kwa kosa la mtu. Niambie kweli, nami nitajua namna ya kumtoa hapo bila kukutia wewe matatani. Ukininyima kweli nitakuja mwenyewe Junda kwa mguu huu mmoja, niombe kuiona maiti, na majeraha ya meno nayajua.

Badawi


Junda
Jumatano, 7 Agosti 2024

Baba,

Nimeandika barua hii mara tatu na mbili nimezitia jikoni.

Ni mimi.

Nilikuwa nachambua mchicha mlangoni na kisu chako kiko mapajani, siku hizi kinakaa nami. Nikaona mtu anavuka ua wa miiba, kijana, mwembamba, ameinama. Mbwa akaamka kwenye kijia chake. Ulisema hukimbilia kinachokimbia, lakini yule hakukimbia, alichuchumaa. Mbwa akaenda kama siku ile ya machimboni, sikumwona katikati. Nilipotazama tena, kijana yuko chalichali na mbwa yuko juu yake. Miguu miwili ya mbele kifuani, shingo ya mbwa imelala juu ya shingo ya mtu, kichwa kimeingia begani. Mkia ulikuwa unapigapiga majani. Nikajua amemshika. Kijana alikuwa anatoa sauti, nilidhani analia.

Nikasema leo hangoji. Ndilo neno lililokuwa kichwani mwangu, Baba, si jingine. Nikakimbia. Nikapiga goti, mkono wa kushoto kichwani kwake, kwenye nywele, nikapitisha kisu mara moja na sikukiinua. Ilikuwa rahisi kuliko mbuzi. Hakuwahi hata kugeuka kunitazama, alikuwa anamtazama mbwa. Damu ilinifika mpaka kwenye kilemba. Nilingoja mbwa aachie, ajiondoe kama alivyofanya kwa sungura, lakini hakujiondoa. Alianza kumlamba masikio.

Panga hakuwa nalo. Nilikudanganya, na askari pia. Mkononi alikuwa na karatasi ya tende. Nilizitupa chooni nikijua ni zile za sumu, maana ndivyo wanavyotanguliza. Zilikuwa zimetolewa kokwa zote. Nikasema wamejua mpaka chakula chake, wametuchunguza muda mrefu.

Majirani walipokuja niliwaambia mbwa amemuua, nao wakashukuru, na mawe yakafanya shingo isionekane ilivyokuwa. Sikulia. Nilioga nikapika. Jana ndipo nilipomtapika Nguma, yeye na yule kijana, wote pamoja, mpaka nikaona nyongo.

Sasa umepata kweli. Mtoe mbwa. Mimi unifanye unavyoona.

Gladys


Jomvu Kuu
Jumatatu, 12 Agosti 2024

Gladys,

Nitakuandikia taratibu, nawe soma taratibu.

Sahmu anaposhika hushika kwa meno, miguu yake minne iko ardhini na mkia uko chini, hautikisiki. Uliona kwa sungura. Ulichokiona Jumatano ile si kushika. Ile ndiyo tabia ambayo sikukuandikia. Saluki hamshangilii mtu, lakini aliye wake humsalimu hivyo, miguu kifuani, shingo juu ya shingo. Maishani mwake Sahmu amewasalimu hivyo watu watatu. Mimi, siku zake njema. Marehemu mke wangu Lamis. Na aliyemlea. Sikuiandika kwa kuwa nisingeweza kuieleza bila kumtaja Zaid, na nilikuwa nimeapa nisimtaje.

Barua yako aliileta Ruwaida mwenyewe mkobani. Nilipomaliza kusoma nilimwita nikamuuliza, ndugu yako yuko wapi. Akaanza kulia kabla sijamaliza. Miaka miwili amekuwa akimwona kwa siri. Zaid hakuwa na panga wala na vijana wa panga. Alikuwa akikaanga viazi karai kwenye kibanda huko Bamburi, na wale watu wawili wa msikitini walimwona siku aliyokwenda Kisauni kutafuta chumba. Ruwaida alimwambia mbwa yuko wapi. Alimkanya asiende kubisha hodi, kwani Junda sasa kila kijana mgeni ni mwizi. Kwa hiyo akapita nyuma. Tangu wiki ile hakumwona, akadhani amekwenda Malindi kutafuta kazi.

Tulikwenda chumba cha maiti Alhamisi. Alikuwa na kikaratasi mguuni kilichoandikwa mwanamume asiyejulikana, mbwa. Uso walikuwa wameuponda, nilimjua kwa vidole vya miguu. Nilimwosha mwenyewe, nikaweka kidole kwenye shingo. Alama ya jino hakuna hata moja. Mkato mmoja, ulionyooka, haukuinuliwa. Ulifanya sawasawa kama nilivyokuandikia, sikuwahi kuwa na mwanafunzi bora.

Unasema alikuwa analia. Sahmu alipokuwa akimlaza hivyo uani, miguu kifuani, Zaid alikuwa akicheka mpaka Lamis akimkemea kwamba ataamsha mtaa. Nadhani ndiyo sauti uliyoisikia.

Tumemzika Ijumaa baada ya swala, na wale watu wawili walikuwa wameshika jeneza.

Nimekaa siku tatu nikitafuta wa kumchukia. Nilianza na wewe, na bado niko nawe, sitakudanganya. Lakini kila nikikufikia napata mwandiko wangu. Mimi ndimi niliyemfukuza bila kumuuliza. Mimi niliyetoa mbwa, mimi niliyetia kisu guniani, mimi niliyekwambia usicheleweshe. Siwezi kukusamehe leo, na sijui kama nitaweza. Kwa askari sitakutangulia. Nilisema nitamtoa mbwa bila kukutia matatani, lakini niliyasema hayo kabla sijajua. Sasa mwenye kumtoa ni wewe. Wiki zao mbili zinakwisha, na Alhamisi wanampiga risasi.

Badawi


Junda
Alhamisi, 15 Agosti 2024

Baba, ingawa sina haki tena ya neno hilo,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la kituo. Askari ameniruhusu karatasi moja. Jefwa ataileta yeye mwenyewe, pamoja na Sahmu. Wamemfungua asubuhi hii baada ya mimi kuandikisha. Kisu wamebaki nacho wao.

Niliposoma barua yako nilikwenda pale kwenye ua wa miiba, nikakaa alipolala. Nilijaribu kukumbuka uso wake, sina. Nakumbuka nywele tu, zilikuwa safi, zimepakwa mafuta, kama mtu anayekwenda kuonana na watu. Nguma wangu ameuawa na watu saba na hakuna hata mmoja aliyekamatwa, na mimi nimeua mtoto wa mtu aliyemlilia Nguma. Sikuombi unisamehe. Naomba Ruwaida asijilaumu kwa kumwelekeza nyumba, mwambie imetoka kwangu.

Sahmu alikunywa maziwa kidogo leo. Usimwache akae mlangoni peke yake, kaa naye.

Nilieleza yote tangu mwanzo. Askari aliandika bila kuinua kichwa mpaka alipofika kwenye panga, nikamwambia afute, hakuwa na panga. Akauliza basi alikuwa ameshika nini. Nikasema tende za mbwa. Akaandika tende. Nikamwambia aongeze kwamba zilikuwa zimetolewa kokwa. Akaniuliza hilo lina kazi gani kwenye kesi. Nikamwambia sijui kesi, aandike tu, na sikutia sahihi mpaka nilipoliona limeandikwa.

Gladys